Barua Niliyoandika kwa Ajili ya Siku ya Farasi

Katika sanduku langu la bati limo daftari la kumbukumbu za mikutano ya kikundi chetu cha wanawake. Ukurasa wa tarehe 17 Februari 1996 umeandikwa kwa mwandiko mzuri kuliko kurasa nyingine zote. Herufi zimesimama wima, mistari haikupinda, na hakuna neno lililofutwa. Niliuandika nikiwa na furaha ya mtu aliyeshinda. Siku hizi nikiufungua, shingo yangu hupata joto, nami hushukuru kwamba ninaishi peke yangu na hakuna anayenitazama.

Sharti nieleze kwanza jinsi nilivyopata kuwa mwandishi wa daftari hilo. Mume wangu alifariki Jumatano, tarehe 9 Agosti 1989. Wiki tatu baadaye niliitwa ofisini Migori nikatia kidole gumba kwenye karatasi tano ambazo hakuna aliyenisomea. Nilirudi Uriri wino ukiwa umeganda kidoleni, nikaapa kwamba kidole hicho hakitatiwa wino tena. Wazee wa ukoo walipokuja na habari za kunirithi, niliwaambia nina masomo. Walicheka. Mwezi wa Januari 1990 nikaingia darasa la ngumbaru, na mwezi wa Novemba 1993, nikiwa na miaka arobaini na mmoja, nikaufanya mtihani wa darasa la nane katika chumba kimoja na binti yangu wa mwisho. Nilimshinda katika Kiswahili. Jambo hilo nilimweleza kila mgeni aliyefika nyumbani, binti mwenyewe akiwepo.

Kikundi chetu kilikuwa na wanachama wa Migori na Uriri, na wengine wa Homa Bay. Walikuwamo Wajaluo, Wakuria, na mama mmoja Mwislamu kutoka pwani aliyekuwa na duka la vitambaa Migori mjini. Kwa sababu hiyo mikutano iliendeshwa kwa Kiswahili. Nilichaguliwa katibu bila mpinzani. Barua zote zilipita mkononi mwangu, na neno lolote la Kiingereza liliposumbua, macho yote yalinigeukia mimi.

Kati ya wanachama hao alikuwapo mmoja aliyeitwa na wote nyar Rusinga, yaani binti wa Rusinga, kwa kuwa alizaliwa kisiwani. Mimi na yeye tuliitana nyieka, mke mwenzangu, maana waume zetu walikuwa wa ukoo mmoja. Ni neno la utani kwa wanaopendana. Kwa wasiopendana ni matusi. Mguu wake wa kushoto ulikondeshwa na polio akiwa mtoto, naye alitembea kwa mkongojo uliofungwa kitambaa kwapani. Aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni Uriri. Mume wangu alipofariki, yeye ndiye aliyetangulia kufika, kwa mguu ule, njia ikiwa matope, na akalala sakafuni kando yangu hadi matanga yakaisha. Hakujua kusoma. Mara mbili nilimwambia aje ngumbaru, na mara mbili alinijibu, "Nyieka, wewe si upo?"

Mwaka huo wa 1996 tulitaka safari. Kikundi kimoja jirani kilikuwa kimekwenda Mombasa, na tangu kurudi wanachama wake hawakuweza kununua hata sukari bila kutaja bahari. Mwenyekiti wetu, mama wa Homa Bay mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alisema sisi tutakwenda kuona kitu ambacho hakuna kikundi cha wanawake upande wetu kilichowahi kukiona: mbio za farasi, Nairobi. Shemeji yake alikuwa mtunza farasi huko. Farasi sisi tulimjua kwa picha. Kwa Dholuo huitwa faras, kwa hiyo jina tulikuwa nalo. Mnyama mwenyewe ndiye hatukuwa naye.

Shemeji huyo alituma bahasha yenye ratiba tatu, zote kwa Kiingereza, tuchague tamasha moja. La kwanza lilikuwa mwisho wa mwezi wa Machi, siku ya kombe kubwa, yenye bendi na wanawake wenye kofia pana. La pili lilikuwa Jumapili, tarehe 14 Aprili, wiki moja baada ya Pasaka. La tatu lilikuwa Agosti. Nilikaa mezani na kamusi yangu. Katika ratiba ya Aprili niliona neno moja limerudiwa mara nne kwa herufi kubwa: HANDICAP. Neno hilo nililijua kutoka kwenye mabango ya shule za watoto wasiojiweza, lakini mtu aliyesoma huhakikisha. Kamusi iliandika: kilema, kizuizi, kipingamizi. Chini yake kulikuwa na mstari mwingine wa maandishi madogo kuhusu michezo. Niliuona. Sikuusoma hadi mwisho, kwa sababu moyo ulikuwa umekwisha kuruka kwa nyieka wangu, na kamusi nikaifunga.

Tulikutana Homa Bay Jumamosi, tarehe 17 Februari, katika ukumbi wa kanisa ambao madirisha yake yanatazama ziwa. Mwenyekiti alitaka siku ya kofia. Wanawake wengine wa Homa Bay walitaka Agosti, baada ya mahindi kuvunwa. Ndipo niliposimama na ratiba mkononi.

"Hii ya Aprili," nilisema, "ni siku ya walemavu."

Kisha mama mmoja wa nyuma akauliza, "Farasi kiwete anakimbiaje?"

"Anapewa mkongojo," mwingine akajibu, na watu wakacheka hadi mwenyekiti akagonga meza.

"Si farasi walio walemavu," nilieleza kwa upole wa mwalimu. "Ni watu. Siku hiyo wenye ulemavu ndio wageni wa heshima."

Mama wa duka la vitambaa alinyoosha mkono. Yeye hakupenda safari hiyo kwa sababu ya kamari, na alikuwa amesema atakuja kutazama tu. "Dada yangu katibu," alisema kwa Kiswahili chake laini, "neno la kitabuni na neno la mchezoni huwa mawili mbalimbali. Mpira una kona, lakini si kona ya nyumba. Kwa nini tusimwulize huyo shemeji kwanza?"

"Shemeji hutunza farasi," nilimjibu. "Mimi nimesoma karatasi."

Niliona jinsi alivyoinamisha kichwa, nikafurahi.

Kura tulipiga kwa mlolongo. Mtindo huo serikali ilikuwa imekwisha kuuacha, lakini sisi tuliendelea nao kwa kuwa hauhitaji kalamu. Kila tamasha lilipewa mtu wa kusimama mbele, na wanaolitaka wakapanga mstari nyuma yake. Mwenyekiti alisimama mbele ya mstari wa Machi. Mbele ya Agosti alisimama mama mmoja wa Homa Bay. Nami nikamshika nyar Rusinga mkono, nikamwinua kutoka kwenye benchi, nikamweka mbele ya mstari wa Aprili na mkongojo wake.

"Nyieka, mimi?" alinong'ona. "Watu wananitazama."

"Waache watazame."

Nani angeweza kumwacha mwanamke yule amesimama peke yake? Walikuja mmoja mmoja, wengine wakiangalia chini, hata baadhi ya watu wa mwenyekiti. Mstari wetu ulifika mlangoni. Niliyaita hayo mapenzi. Leo najua kwamba niliutumia mguu wake kushinda kura.

Tangu siku hiyo nyar Rusinga alibadilika. Alinunua kitambaa cha samawati dukani kwa yule mama wa pwani, akapeleka kwa fundi Homa Bay, si kwa fundi wetu wa Uriri, kwa sababu alitaka mikono iliyofura mabegani. Alipeleka habari kwa ndugu zake Rusinga kwamba amealikwa Nairobi kuketi na wakubwa. Sokoni, wateja wakimwomba awaongezee omena, aliwaambia, "Nitunzeni vizuri, mwezi wa nne hamtanipata." Aliniuliza kama atatakiwa kusema chochote. Nikamwambia nitamwandikia barua ya utambulisho, asiwe na wasiwasi.

Barua hiyo niliiandika Jumatano, tarehe 20 Machi 1996, kwa Kiswahili, kwa kuwa ndilo somo nililolishinda. Nilimwomba Mheshimiwa Msimamizi ampokee aliye na barua hii, mlemavu wa mguu, mwanachama mwaminifu, na ampe nafasi miongoni mwa wageni wa heshima katika siku hii iliyotengwa kwa ajili ya walemavu. Nilitia sahihi na cheo changu. Nilimsomea mara mbili. Aliikunja mara nne, akaitia ndani ya karatasi ya nailoni, akaiweka kifuani.

Tulifika Nairobi Jumamosi tukalala katika nyumba ya wageni ya kanisa. Jumapili asubuhi shemeji wa mwenyekiti alitupokea, akawapeleka wenzetu upande wa nyasi, ambako kiingilio kilikuwa nafuu. Mimi na nyar Rusinga tulielekea kwenye lango la jukwaa la wakubwa. Gauni la samawati lilimpendeza. Alikuwa amebadilisha hata kitambaa cha mkongojo kikafanana na gauni.

Langoni palikuwa na bwana mmoja mwenye beji ya kitambaa kifuani. Nyar Rusinga alitoa barua mwenyewe, kwa mikono miwili. Bwana yule aliisoma, akaisoma tena, kisha akatuangalia.

"Mama, nani amewaambia leo ni ya walemavu?"

"Imeandikwa kwenye ratiba," nilisema.

"Wapi?"

Nilimwonyesha neno. Alijaribu kujizuia, nakiri, lakini kicheko kilimshinda. "Hapana, mama! Hendikapu si ya watu, ni ya farasi. Farasi anayeshinda sana tunamwekea risasi, ndio wengine pia wapate nafasi."

Nyar Rusinga alishtuka. "Mnampiga risasi kwa sababu ameshinda?"

"Si ya bunduki, mama! Risasi, ile madini nzito. Inatiwa kwenye tandiko. Aliye hodari anabeba zaidi." Akageuka akamwita mwenzake: "Wewe, kuja usome hii barua! Huyu mama amekuja kukimbizana na farasi!"

Mwenzake alikuja. Wawili waliokuwa wakilipa kiingilio nyuma yetu walisogea kusikiliza. Nyar Rusinga hakuwatazama. Alinitazama mimi, na macho yake hayakuwa na lawama, yalikuwa yakingoja. Kwa miaka yote aliyonijua, neno lilipokuwa gumu, mimi ndiye niliyelieleza. Alingoja nieleze.

Yule mwenzake akauliza, "Nani ameandika hii?"

Nami nikasema: "Msimcheke, mabwana. Huyu hajasoma. Alisikia neno hilo mahali, akalielewa vibaya, akanisihi nimwandikie. Mimi ni katibu tu, huandika ninaloambiwa."

Niliyasema hayo kwa Kiswahili sanifu, bila kukosea popote. Nakumbuka hata kwamba sauti yangu ilikuwa tulivu.

Bwana wa kwanza aliacha kucheka. "Ni hivyo, mama?" alimwuliza.

Aliniondolea macho, akamtazama bwana yule. "Ni kweli," nyar Rusinga alisema. "Mimi sijasoma."

Hakusema kwamba alisikia vibaya. Alichagua lile moja lililokuwa kweli, akalisema hilo tu. Kisha akanyoosha mkono, akaomba arudishiwe barua yake. Aliikunja katika mikunjo ile ile, akairudisha kifuani. Bwana yule, nadhani kwa huruma, alitaka kutupitisha bure tukae juu. Nyar Rusinga alimshukuru, akageuza mkongojo.

Kutoka langoni hadi kwenye nyasi ni mwendo wa dakika tano kwa mtu mwenye miguu miwili mizima. Sisi tulichukua karibu robo saa. Katika robo saa hiyo ningeweza kusema. Badala yake nilikuwa nikitunga.

"Imeahirishwa," niliwatangazia wenzetu tulipofika. "Siku ya walemavu imeahirishwa. Leo ni mbio za kawaida."

Walimhurumia mno. Mwenyekiti alipaza sauti yake. "Na mtu ametoka Uriri na gauni jipya! Nchi hii! Cha walemavu ndicho huahirishwa kila siku." Mmoja alimpa nyar Rusinga soda, mwingine akamtandikia leso aketi. Mama wa pwani peke yake ndiye aliyekuwa ameshika ratiba ya siku hiyo, akiigeuzageuza.

"Katibu," alisema polepole, "mbona neno lile lile bado limo humu?"

"Ilichapishwa kabla," nilimjibu. Huo ulikuwa uongo wa tatu katika asubuhi moja, na ulitoka kwa wepesi kuliko ule wa kwanza na wa pili.

Alimtazama nyar Rusinga, akanitazama mimi, akaikunja ratiba. "Haya," alisema. Hakuniuliza tena, siku hiyo wala baadaye, na dukani kwake nilianza kupita upande wa pili wa barabara.

Farasi nao walikuja. Nilikuwa nimengoja miezi miwili kuwaona, na ninachokumbuka ni tetemeko la ardhi chini ya nyayo zangu na harufu ya jasho lao. Wenzangu walipiga vigelegele kwa kila farasi, aliyeshinda na aliyeshindwa. Shemeji wa mwenyekiti alipopita karibu, nyar Rusinga alimwita kwa mkono.

"Yule aliyebebeshwa risasi nyingi ni yupi?"

"Huyo wa kahawia, mama, mwenye soksi nyeupe."

Alimtazama huyo mmoja tu. Farasi wa kahawia alianza vizuri, akachoka kwenye kona ya mwisho, akaingia wa nne. Nyar Rusinga alipiga makofi kidogo, peke yake. "Amejitahidi," alisema. Sikuweza kujua alisema na nani.

Tuliporudi niliandika kumbukumbu za safari. Niliandika kwamba siku ya walemavu iliahirishwa na kwamba wanachama walifurahi. Kikao kilizipitisha bila masahihisho. Yule aliyeweza kuzisahihisha alikuwa ameketi karibu na dirisha, mkongojo magotini, naye aliinua mkono pamoja na wengine kuzikubali.

Hatukugombana. Aliendelea kuniuzia omena, na kipimo hakikupungua. Kitu kimoja tu kilibadilika, na ilinichukua wiki kadhaa kukitambua: hakuniita tena nyieka. Aliniita katibu. "Habari ya asubuhi, katibu." "Omena ya leo ni safi, katibu." Aliyesikia angedhani ni heshima. Mimi mwenyewe, nilipomwita nyieka, aliitika, lakini neno halikurudi. Hatimaye niliacha kulitumia, kama mtu anavyoacha kubisha mlango.

Miaka miwili ilipita hivyo. Mwanzoni mwa 1998 nilisikia kwamba nyar Rusinga ameanza ngumbaru. Hakuniambia. Darasa alilochagua lilikuwa mbali kuliko lile nililosomea mimi na ambalo nilikuwa nikisaidia kufundisha. Kwa mguu ule, alipita mlangoni pangu kwenda na kurudi. Nilisema moyoni kwamba huenda mwalimu wa kule ana subira zaidi. Nilijua si hivyo.

Jumanne, tarehe 12 Mei 1998, saa kumi alasiri, alibisha mlangoni. Nilimkaribisha, nikachemsha chai. Alikunywa nusu kikombe, akaweka chini, akatia mkono kifuani akatoa karatasi ya nailoni. Nilijua kabla hajaifungua.

"Mwalimu ametwambia kila mtu atafute karatasi ya nyumbani ajizoeze kusoma kwa sauti," alisema. "Mimi nyumbani nina hii tu."

Aliifungua. Mikunjo ilikuwa imechakaa, na katikati karatasi ilikuwa na tundu. Aliweka kidole chini ya neno la kwanza, akaanza. Alisoma kama tulivyosoma sote tulioanza tukiwa watu wazima, silabi kwa silabi, akirudi nyuma kila anapovuka mstari. Alipofika kwenye neno "Mheshimiwa" alikwama. Mhe. Mheshi. Mheshimi. Nami, Mungu anisamehe, nilimsahihisha. Mdomo ulifunguka wenyewe. "Mheshimiwa," nilisema.

"Mheshimiwa," alirudia, kwa utiifu wa mwanafunzi, akaendelea.

Alisoma yote. Alisoma "mlemavu wa mguu". Alisoma "katika siku hii iliyotengwa kwa ajili ya walemavu", polepole kuliko sehemu nyingine zote. Alisoma jina langu na cheo changu. Mwisho alirudi juu, kwenye pembe ya kulia, akaisoma tarehe, namba kwa namba. Nilikuwa nimepanga maneno kwa miaka miwili. Nilikuwa nayo kwa Kiswahili sanifu na kwa Dholuo. Hata moja halikutoka.

Aliinuka, akaupanga mkongojo kwapani, akaiacha barua juu ya meza kando ya kikombe.

"Tarehe tu ndiyo hukuikosea, katibu," alisema, akatoka.